Kibao cha Umeme Mezani Petu



Jirani yetu mmoja, baba wa watoto sita, alinunua batri ya volti 12 pamoja na bamba la jua, ili watoto wapate kusoma usiku. Fedha yake aliikusanya kidogo kidogo muda wa mwaka mzima, na sehemu yake ilikuwa imewekwa kwa karo ya masomo. Pamoja na vyombo hivyo muuzaji alimpa kisanduku kidogo cha kuongoza umeme. Basi kila usiku, televisheni ikiwa bado yasema, kisanduku kilikata umeme. Mara ya kwanza baba yule alivumilia. Mara ya pili alinung'unika. Mara ya tatu alichukua koleo, akaziondoa nyaya katika kisanduku, akazifunga moja kwa moja juu ya batri. Usiku ule nyumba nzima ilifurahi. Kabla ya miezi minne kupita batri ilikuwa imekufa, na watoto wakarudi kwenye taa ya mafuta.

Kisanduku kile hakikuwa adui wa nyumba. Batri ya namna ile, yenye risasi na asidi ndani yake, haipendi kumalizwa. Ikiachwa tupu mara kwa mara, chumvi ya risasi hugandamana juu ya mabamba yake, nayo haiyeyuki tena. Kisanduku kilikata umeme ili kuiokoa. Lakini kilikata kimya, bila kueleza neno, na mtu asichokielewa hukizunguka. Tusimcheke baba yule. Nani kati yetu hajafanya vivyo hivyo kwa chombo kilichofungwa pande zote?

Sisi tulijiuliza: Je, hakuna njia ya kuipa batri ulimi, ili iseme mapema, «Nimechoka, niacheni nipumzike»? Taa ndogo ya kijani ingetosha: ikiwaka, tumieni, ikizimika, acheni. Hatukuwa mafundi. Tulikuwa na meza, jioni za Jumamosi, na hamu ya kujifunza. Katika ukurasa huu twataka kueleza tulivyojifunza kuchora na kuunda kibao cha saketi nyumbani, pamoja na makosa yetu, maana makosa ndiyo yaliyotufundisha zaidi.

KIBAO CHA SAKETI NI NINI?

Fungua radio iliyokufa, utaona ndani yake kibao chembamba, mara nyingi cha rangi ya kijani. Juu yake vimesimama vipande vidogo vyenye miguu. Upande wa chini mna njia nyingi zinazong'aa kama barabara za mji zionekanazo kutoka juu ya kilima. Hizo njia ni shaba nyekundu, nazo huchukua umeme kutoka kipande hiki mpaka kile. Kibao chenyewe kwa kawaida ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, unene wake milimita 1.6. Shaba iliyobandikwa juu yake ni nyembamba sana: sehemu 35 katika 1,000 za milimita moja. Safari ya umeme kupitia njia hizo, kutoka batri mpaka kurudi kwenye batri, ndiyo iitwayo saketi.

Tuwaambie tena neno moja ambalo wengi hawalifikiri. Shaba nyekundu huchimbwa Katanga. Bati la kulehemu hutoka katika mawe ya kasiteriti, nayo huchimbwa Kivu na Maniema. Na vipo vipande vidogo vya kuweka umeme vilivyoundwa kwa tantali, madini yapatikanayo katika koltani ya Kivu. Mawe hayo husafiri mbali, kisha hurudi kwetu yamefungwa ndani ya visanduku tusivyothubutu kuvifungua. Je, si vema walau mtoto mmoja katika kila mtaa ajue yaliyomo ndani?

MTU WA CHUMBA CHA KUPANGA

Wala tusidhani kwamba kazi hii ilianzia katika viwanda vikubwa. Mhandisi mmoja, Paul Eisler, alizaliwa Vienna, nchi ya Austria, mwaka 1907. Alikuwa Myahudi, na siku zile chuki juu ya Wayahudi ilimfungia milango ya kazi kwao. Mwaka 1936 alikimbilia Uingereza, akakaa London katika nyumba ya kupanga. Humo chumbani aliunda radio ambayo njia zake hazikuwa nyaya zilizofungwa moja moja kwa mkono. Zilikuwa njia za shaba juu ya kibao. Kampuni aliyoionyesha kazi yake haikuipokea. Alipata kuomba hati ya uvumbuzi mwaka 1943, na wakati wa vita Waamerika walitumia njia hiyo katika silaha zao. Vita vilipokwisha, vibao vikaenea katika radio, na baadaye katika vyombo vyote vya umeme tuvijuavyo.

Mtu yule hakuwa na kiwanda. Alikuwa na chumba cha kupanga na saburi. Twamkumbuka tunapoona haya kwamba meza yetu ni ndogo.

KUHESABU KABLA YA KUCHORA

Aanzaye kazi hii hutamani kushika moto na lehemu mara moja. Asifanye haraka. Kazi ya kwanza ni ya kalamu na karatasi.

Kwa taa yetu tulichagua kipande kimoja chenye miguu mitatu, kiitwacho TL431, ambacho bei yake ni ndogo. Ndani yake kina kipimo kisichobadilika cha volti 2.5. Mguu wake wa kupimia ukipata volti 2.5 au zaidi, kipande hufungua njia na taa huwaka. Ukipata pungufu, njia hufungwa na taa huzimika. Lakini batri yetu si ya volti 2.5. Ikijaa na kupumzika ina volti 12.7 hivi, na ikifika 12.2 imebaki na nusu tu ya nguvu zake. Basi ilitupasa kuigawanya volti ya batri, ili kipande kipate fungu lake tu.

Kugawanya huko hufanywa na rezista mbili, yaani vipande vinavyouzuia umeme kwa kadiri fulani. Tulichukua moja ya omu 39,000 na nyingine ya omu 10,000, tukazipanga mfululizo. Jumla yake ni 49,000. Kipande chetu chapima fungu la 10,000, yaani sehemu 10 katika 49. Batri ikiwa na volti 12.25, fungu hilo ni volti 2.5 kamili. Hapo ndipo mpaka wetu: juu ya 12.25 taa yawaka, chini yake yazimika. Vyombo vikiwa vinakula umeme, volti hushuka kidogo kuliko batri ikipumzika, kwa hiyo taa itazimika mapema kidogo. Si kosa; ni afadhali kuonywa mapema.

Taa nayo yahitaji rezista ya kuilinda isiungue. Batri ina volti 12.5, taa na kipande hujichukulia karibu 4, zimebaki 8.5. Tukitia rezista ya omu 1,000, umeme utakaopita ni 8.5 kugawanywa kwa 1,000, ndiyo miliampere 8.5. Yatosha kwa taa ndogo. Hesabu hiyo ni ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa skuli wa Ujerumani, aliyeitangaza mwaka 1827. Mwanafunzi ajuaye kugawanya aiweza. Basi wanafunzi wetu wasiseme tena kwamba hesabu za darasani hazina kazi nyumbani.

KOSA LETU LA KWANZA

Hesabu ikiwa tayari, tulichora njia juu ya karatasi, kisha tukazinakili juu ya shaba kwa kalamu ya wino usiofutika. Wino huilinda shaba iliyo chini yake. Shaba isiyofunikwa huliwa na dawa. Tulichora vizuri, mistari imenyooka, tukajisifu. Kumbe tulikuwa tumesahau jambo moja. Karatasi tuliichora kama mtu anayetazama kibao kutoka juu, upande wa vipande. Lakini shaba ipo upande wa chini. Mtu akigeuza kibao, kulia huwa kushoto, kama uso katika kioo. Sisi hatukugeuza. Kibao kilipokwisha, mguu wa kwanza wa kipande ulikuwa mahali pa mguu wa tatu, na taa haikufanya kazi yake.

Tulikwenda kwa mzee mmoja, fundi wa radio tangu ujana wake. Alikigeuza kibao mara mbili, akatabasamu.

«Mzee,» tulimwambia, «tumechunguza kila mstari, yote yamenyooka.»

«Ndugu zangu,» akajibu, «yamenyooka kweli, lakini yametazama nyuma. Karatasi yauzwa bei gani? Na shaba yauzwa bei gani? Basi makosa yafanyeni juu ya karatasi.»

Kipande cha miguu mitatu huweza kugeuzwa na kazi ikapona, nasi tuliponea hapo. Kipande cha miguu minane hakina huruma hiyo. Kibao chote kingetupwa. Tangu siku ile twakata umbo la kila kipande kwa karatasi, twatoboa matundu ya miguu kwa sindano, twaligeuza kwa mkono na kulilaza mahali pake. Kisha twamwita mtu mwingine afuate kila njia kwa kidole, tangu batri mpaka kurudi kwenye batri, maana jicho la aliyechora huona alichokusudia, halioni alichokichora.

DAWA KALI NA WATOTO

Dawa ya kula shaba ni kloridi ya chuma. Hapa akina mama na akina baba wasikilize vizuri. Dawa hii huumiza macho na ngozi, huharibu nguo kwa madoa yasiyotoka, na hula vyombo vya chuma. Itumieni nje ya nyumba, katika beseni la plastiki lisilorudi jikoni kamwe, mkivaa glavu na miwani. Ikiwa ni unga, utieni unga ndani ya maji kidogo kidogo, wala msimwage maji juu ya unga, kwa kuwa hupata joto kwa ghafula. Kibao hukaa ndani yake dakika kumi mpaka nusu saa, kikitikiswa taratibu.

Dawa iliyokwisha kutumika imebeba shaba, nayo ni sumu kwa samaki na mimea. Isimwagwe mtoni, wala bustanini, wala chooni. Tuliitia katika chupa ya plastiki, tukaandika jina lake kwa herufi kubwa, tukaiweka juu, mahali ambapo mtoto hafiki. Yaweza kutumika mara nyingi. Ikichoka, mwulizeni mwalimu wa kemia jinsi ya kuiondoa kwa salama. Chupa ya soda isitumike hata kidogo, maana mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

KULEHEMU

Kibao kikioshwa, matundu hutobolewa kwa keekee nyembamba ya milimita 0.8 au 1. Vipande huingizwa kutoka upande wa juu, na miguu yake hulehemiwa upande wa shaba. Wengi hukosea hapa. Huyeyusha lehemu juu ya chuma cha moto, kisha huidondosha juu ya mguu kama nta ya mshumaa. Lehemu hukaa kama kidonge, haikushika kitu. Leo taa yawaka, kesho yazimika. Njia iliyo sawa ni kugusa mguu na shaba kwa pamoja kwa ncha ya moto, kuhesabu mpaka mbili, kisha kuleta lehemu pale penye joto. Ikitanda vizuri huwa kama kilima kidogo chenye mteremko mwanana. Ya namna hiyo haiachi.

Lehemu ya zamani, yenye sehemu 63 za bati na 37 za risasi katika 100, huyeyuka kwenye digrii 183, na kwa mwanafunzi ndiyo rahisi. Lakini risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Ipo lehemu isiyo na risasi, karibu yote bati, iyeyukayo kwenye digrii 217 na zaidi; katika Ulaya sheria imekataza risasi katika vyombo vingi vya umeme tangu mwaka 2006. Utumiapo lehemu yoyote, usile mezani pale, osha mikono kwa sabuni ukimaliza, fungua dirisha, wala usivute ule moshi, maana hudhuru kifua.

TAA ILIYOSEMA UONGO

Kibao cha pili kilikuwa sawa, mguu kwa mguu. Taa iliwaka. Tulishangilia, na watoto wakapiga makofi. Mzee fundi hakushangilia. Alikifunga kwenye chombo chake cha kupunguza volti, akashusha pole pole. Taa ilizimika kwenye volti 12.65. Maana yake, batri iliyojaa ingeambiwa kwamba imechoka.

Tulitafuta sababu jioni nzima. Hesabu ilikuwa sawa, njia zilikuwa sawa. Mwishowe tulizipima rezista kwa mita. Ile ya 39,000 ilikuwa 39,800. Ile ya 10,000 ilikuwa 9,800. Msitari wake wa mwisho ulikuwa wa rangi ya dhahabu, nao maana yake ni: nimeruhusiwa kukosea kwa sehemu 5 katika 100. Hazikutudanganya, ziliandika udhaifu wao juu ya mwili wao, nasi hatukusoma. Tulinunua nyingine zenye msitari wa kahawia, ambazo kosa lake halizidi sehemu 1 katika 100. Safari hii taa ilizimika karibu kabisa na mpaka tuliouhesabu.

Hapa pana jambo la kukumbuka. Taa isiyowaka kabisa haidhuru sana, kwa kuwa kila mtu anajua imeharibika. Taa iwakayo na kusema uongo ndiyo ya hatari, maana watu huiamini. Kwa hiyo tusiseme «kazi imekwisha» tunapoona mwanga. Tuseme hivyo baada ya kupima.

KWA WANAOTAKA KUENDELEA

Mwenye kupata kompyuta, hata ya zamani, aweza kuchora vibao kwa programu iitwayo KiCad. Ilianzishwa mwaka 1992 na mwalimu mmoja wa Ufaransa, Jean-Pierre Charras, nayo hutolewa bure. Programu hii humwonyesha mchoraji njia mbili zilizogusana na njia iliyosahauliwa. Mchoro wake waweza kupelekwa kiwandani, na vipo viwanda vinavyokubali kutengeneza vibao vitano tu. Lakini gharama ya kuvileta kwetu inaweza kupita bei yake. Yafaa marafiki kadhaa waagize pamoja. Wala programu haijui kusudi lako. Ukiiambia omu 1,000 mahali pa 10,000, itachora kwa uaminifu kosa lako.

Tena anayeanza asiguse umeme wa mji wa volti 220. Aanze na batri. Na batri nayo iheshimiwe: nyaya zake zikigusana, huwa nyekundu kwa moto mara moja. Tieni fyuzi ndogo, ya nusu ampere, karibu kabisa na batri. Na wenye batri za lithiumu wasitumie hesabu yetu, maana volti zake ni nyingine.

Baba yule wa watoto sita amenunua batri nyingine, safari hii kwa mkopo wa ndugu. Tulimpelekea kibao chetu, tukamweleza hesabu yake juu ya karatasi. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha aliuliza, «Na kile kisanduku cha kwanza, ndicho kilichotaka kuniambia neno hili?» Tukajibu, «Ndicho.» Hakusema neno jingine. Alikwenda uani, akakileta kisanduku, akakipangusa vumbi, akatuomba tumsaidie kukirudisha mahali pake.

Siku hizi taa ya kijani imefungwa karibu na mlango. Ikizimika, mtoto wa nne, msichana wa miaka kumi, huinuka na kuzima televisheni mwenyewe, na wakubwa wake hawamgombezi. Juma lililopita alitujia na radio iliyokufa mikononi. Hakuomba tumtengenezee. Aliomba bisibisi.